Kisu Alichokikunja Jaji

Jaji alianza na nyuma ya mbuzi. Wewe umeamka mapema, umempaka mtamba wako mafuta puani, umemfunga utepe mwekundu shingoni, umemfuta macho na kitambaa cha mtoto, halafu huyu mtu anapita hapo mbele kama hakuna kitu. Anaenda kusimama nyuma, anainama, anaangalia katikati ya miguu. Anakaa huko mpaka unaanza kuona aibu kwa niaba ya mbuzi. Uso aliuangalia mwisho, tena mara moja tu, kuona kama taya zinakutana.

Mwanamke mmoja wa Migori alilalamika kwamba mbuzi wake mrembo hata hakutazamwa. Jaji akamwambia, "Uso haukamuliwi, mama," akaendelea na kazi.

Tulimwita Jaji tu. Jina lake nalijua na kwao nakujua, lakini hayo hayanisaidii kwa ninachotaka kusema. Kwa miaka mingi nilikuwa na swali moja kwake na sikuliuliza. Siku moja uwanjani Homa Bay alifungua kisu mbele ya mbuzi wangu, akainua mguu wa mbuzi, halafu akakikunja kisu bila kukata kitu. Nilitaka kujua kwa nini. Nitafika huko. Kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini kukunja kisu kuliniondolea usingizi.

Hakukaa. Watu wa mifugo walimwekea kiti chenye kitambaa karibu na wageni wa heshima, na kile kiti kilishinda hapo na vumbi lake. Chai alikunywa amesimama, chai ya rangi, akaiacha nusu, na kikombe akakiweka popote, juu ya nguzo ya ua, juu ya betri ya kipaza sauti. Jioni akina mama walizunguka uwanja kutafuta vikombe. Kwa watu nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Alipokuja kwangu Kisegi kuangalia banda nilimpa kigoda, akakishika mkononi, akazunguka nacho boma lote akiongea, kisha akanirudishia. Mimi sipendi mtu asiyetulia. Ananifanya nifikiri kuna kitu nimesahau jikoni.

Mikono yake ndiyo iliyotulia. Alikuwa anaweka vidole vitatu kati ya mbavu za mwisho, anafumba macho. Mbavu zikiwa bapa na zimeachana, aliitikia kwa kichwa kidogo. Zikiwa za mviringo na zimebanana, alisogea bila kusema kitu, na mwenye mbuzi akajua. Halafu kiganja kinapita mgongoni mpaka kiunoni, anapima kwa vidole upana wa nyonga, anashuka mpaka magoti ya nyuma. Sisi wengi tuliishia darasa la nne, la tano, na vitabu vya mbuzi tulivyoletewa vilikuwa vya Kiingereza. Yeye hakutusomea kitabu. Alisema kwa mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, anatafuta vitu viwili tu, mahali mtoto atapita na mahali maziwa yatakaa. Vingine ni mapambo. Kiwele bado hakipo, kwa hivyo unaangalia nafasi, kama mtu anayesimama kwenye kiwanja kitupu na kuiona nyumba.

Neno lake lingine lilikuwa "Tembeza." Mbuzi akisimama, mwenyewe anaweza kumpanga kama bibi harusi anayepigwa picha. Akitembea, mambo yanatoka nje. Kuna mama alisimamisha mtamba wake miguu ya mbele juu ya kichuguu kidogo ili mgongo uonekane umenyooka. Jaji akasema tembeza. Mama akajibu kwamba mbuzi amechoka, ametoka mbali kwa pikipiki. Jaji akasema hakuna haraka, tungoje apumzike, akaanza kuzunguka pale, anaenda anarudi, anaenda anarudi, mpaka yule mama akachoka kabla ya mbuzi.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa jaji mwingine. Mitamba wakishapangwa mstari, alitugeuzia mgongo na kusema, "Badilishaneni." Hapo kila mtu alitoa kamba ya mbuzi wake na kushika ya mwingine, huku na huku, ili akigeuka asijue nani ni wa nani. Ilikuwa na matata yake. Mwaka mmoja mama Mkuria alijikuta ameshika mbuzi wa jirani waliyekosana. Kila Jaji alipokaribia, alimfinya mbuzi chini ya tumbo, na mbuzi akakunja mgongo kama paka. Jaji hakumgombeza. Alimwambia, "Mama, huo mkono una kazi nyingi leo, nipe kamba." Akamfunga mbuzi kwenye nguzo, akamwacha asimame peke yake, na mwishowe akampa nafasi ya kwanza. Uwanja mzima ulicheka, na yule mama akafunika uso na leso.

Na uwanjani aliongea Kiswahili tu, hata na sisi Waluo wenzake. Ukimwambia neno kwa Dholuo aligeuka kama hajasikia. Alisema hapa kuna Mkuria, kuna Msomali, kuna mtu ametoka pwani, wakitusikia tunanong'ona chetu watasema mbuzi ameshinda kwa lugha. Akishatoka nje ya kamba za uwanja alitutania kwa Dholuo mpaka tukamfukuza.

Migori mjini kulikuwa na mfanyabiashara Mwislamu, mtu wa mbali, muuza chakula cha mifugo. Jaji hakupita mji bila kupita duka hilo. Mwenye duka naye akajinunulia mtamba, akamlisha pumba na mashudu mpaka ngozi ikang'aa kama kiatu. Watu wote walipomwona uwanjani walisema basi, huyu ndiye. Jaji akamweka wa mwisho. Alisema mafuta yameshaingia mahali pa kiwele kabla ya maziwa, na mahali mafuta yamekaa maziwa hayatapata mlango. Kesho yake akaenda dukani kama kawaida. Nilikuwepo, nimekwenda kununua chumvi ya mbuzi.

"Keti basi, mtu mbaya," mwenye duka akamwambia.

"Sikai."

"Najua hukai. Mwaka mzima nalisha mbuzi, nakuja kula aibu."

"Punguza mashudu."

"Mimi ndiye ninayeuza mashudu, halafu niwaambie watu wapunguze?"

Akamsukumia chai. Jaji akanywa nusu.

Mtu kama huyo, ungefikiri kwake kumejaa mbuzi. Hakuwa na hata mmoja. Alisema akiwa nao atawapenda, na akiwapenda ataanza kuona uzuri mahali hakuna. Maziwa ya mbuzi pia hakunywa. Alisema yananuka beberu. Tuliudhika sana, sisi tuliokuwa tunawaambia majirani kila siku kwamba hayanuki. Tena hakula kwa mtu mwenye mtamba wa maonyesho. Mara moja tu njaa ilimshinda, akala kuku wa mama mmoja, mapaja yote mawili, na wiki iliyofuata akaweka mbuzi wa mama huyo namba tano. Yule mama alimwita mwizi wa kuku mbele ya watu. Jaji hakukataa. "Kuku alikuwa mtamu," akasema. "Mbuzi magoti yake yanagongana."

Haya. Sasa nije kwa kisu.

Kikundi chetu cha akina mama kina sheria. Ukipewa mbuzi, jike la kwanza atakalozaa si lako. Unalilea mpaka likaribie kupandwa, kisha unampa mama anayefuata kwenye orodha, na yeye atatoa la kwake. Mwanzoni watu walitoa wagonjwa, wazuri wakawabakisha. Ndipo ikaongezwa kwamba mbuzi akizaa majike mapacha, wote wawili wasimame mbele ya Jaji siku ya maonyesho. Atakayewekwa juu ndiye anatoka. Mwenyewe anabaki na wa chini. Sheria ilipopita nilinyoosha mkono pamoja na wengine.

Mbuzi wangu akazaa majike mapacha. Na aliyefuata kwenye orodha alikuwa mke mwenzangu.

Mume wetu alikuwa ameshakufa. Nyumba ya mke mwenzangu iko ng'ambo ya ua wa boma, hatua hamsini kutoka kwangu, na yeye ni mdogo kwangu sana, aliolewa nikiwa tayari na binti mkubwa. Hatukuwa na vita. Tuliongea mambo ya chumvi na mambo ya matanga, basi. Nilimwamuru kama mtu anavyomwamuru mdogo wake, na yeye alifanya nilichosema au hakufanya, lakini hakunijibu.

Wale mapacha hawakuhitaji jicho la Jaji. Mmoja alikuwa mpana nyuma, mrefu wa mwili, anatembea kama anajua anakokwenda. Wa pili alikuwa na kichwa kizuri na mistari myeupe usoni iliyonyooka, lakini kiuno chembamba, na magoti ya nyuma yanasalimiana. Mimi nilikuwa na wajukuu watatu nyumbani, mama yao amekufa, yule mdogo hajatimiza miaka miwili. Mke mwenzangu pia alikuwa na watoto wadogo. Hilo nililijua, nikaliweka kando.

Mbuzi wa bandani anasimama juu ya mbao, hakanyagi mawe, kwa hivyo kwato zinarefuka upesi na lazima zikatwe. Yule mwembamba nilimkata vizuri kabisa. Yule mpana sikumgusa miezi mitatu. Kwato zikajikunja mbele kama amevaa viatu vya mtu mwingine. Akaanza kusimama akiegemea nyuma, vifundo vikalegea, kiuno kikashuka. Wenzangu walipeleka mbuzi uwanjani wakiwa wamewaficha kasoro. Mimi nilimtia wangu kasoro ili nibaki naye. Siku tatu nzima kabla ya maonyesho chakula kilikataa kunishuka. Niliweka sahani, niliondoa sahani, nilikwenda bandani, nilirudi.

Nilichokiogopa ni kisu. Jaji alikuwa na kisu kidogo cha kukunja, na akiwa na shaka na miguu ya mbuzi alikifungua, akapunguza kwato hapo hapo, kisha akasema tembeza tena. Hakumfanyia kila mbuzi, ni akiwa na shaka tu. Nilimwomba Mungu asiwe na shaka. Ndiyo, nilipiga magoti nikaomba jambo hilo.

Siku yenyewe, aliposema tubadilishane, kamba ya yule mpana ilizunguka mpaka ikafika mkononi mwa mke mwenzangu, aliyekuwa mstarini kunisaidia kamba ya pili. Sijui nani alimpa. Mimi nilikuwa mbuzi wanne kutoka pale, nimeshika wa mtu nisiyemjua. Jaji akafika. Alikaa nyuma muda mrefu. Akaweka vidole kwenye mbavu, akafumba macho. Akasema tembeza, mke mwenzangu akatembeza. Ndipo akatoa kisu, akakifungua, akainua mguu wa nyuma. Mke mwenzangu aliinama karibu na shingo ya mbuzi kama anayemtuliza. Kipaza sauti kilikuwa kinapiga kelele kuhusu gari lililoziba lango. Jaji akaushusha mguu. Akakunja kisu, akakitia mfukoni, akaenda kwa mbuzi aliyefuata. Mwishowe mwembamba wangu akawekwa juu ya mpana.

Nilimtoa mwembamba mbele ya kikundi. Mke mwenzangu alinishukuru kwa mikono miwili. Nyumbani nilichukua kisu changu, nikakata kwato za yule mpana kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, mpaka akasimama kama alivyoumbwa. Kama mke mwenzangu aliona, hakusema.

Wote wawili walipandwa na beberu wa kikundi. Wangu alizaa kwanza, watoto wawili, kama mtu anayetua mzigo. Wiki mbili baadaye, asubuhi, wa mke mwenzangu akashikwa na uchungu, naye akamtuma binti yake kuniita. Nilipofika, kichwa cha mtoto kilikuwa nje, ulimi umevimba, mabega hayapiti. Tulijipaka mafuta ya kupikia mikononi, tukajaribu. Mtoto alikuwa amekufa, na mama yake akafa kabla ya saa sita. Mke mwenzangu alinawa mikono, akaniambia asante kwa kuja. Kikundi hakina mbuzi wa mara ya pili. Alirudi mwisho wa orodha, na watoto wake wakanywa uji bila maziwa huku wangu wakinenepa mbele ya macho yao. Niliwapelekea kikombe. Si kila siku.

Tangu hapo Jaji akawa mzigo wangu. Kama siku ile hakuona, basi jicho tulilolitegemea sote lilikuwa la bure, na hii damu ni yangu peke yangu. Kama aliona akanyamaza, alikuwa na maana gani? Kila maonyesho nilimsalimu nikaondoka haraka, kisha nikarudi nikapita karibu naye, nikaondoka tena. Wenzangu waliniuliza kama ninaumwa tumbo.

Mwaka huu tukasikia ameacha uamuzi, magoti yamekataa. Sasa wanakuja vijana wenye fomu, wanajaza alama, wanakaa kwenye kiti. Nilimwambia mke mwenzangu naenda Migori kumwona Jaji. Akasema nimsalimie.

Nilimkuta nje ya lile duka la chakula cha mifugo. Ana fimbo, na bado hakai. Alikuwa anatembea kutoka ukingo wa veranda mpaka ukingo mwingine, kikombe kimeachwa juu ya gunia.

"Min Akinyi," akaniita, mama Akinyi, kwa jina la marehemu binti yangu. "Umeleta mbuzi?"

"Sijaleta mbuzi, Jaduong'," nikasema, ndivyo tunavyomwita mzee wa heshima. "Nimeleta swali."

Nikamwambia yote, nikimfuata huku na huku maana hakusimama. Mapacha, kwato, miezi mitatu. Mwenye duka alitusikia, akaingia ndani akajifanya anapanga magunia. Nilipomaliza, Jaji alitembea mara mbili zaidi.

"Kwanza nilifikiri wewe ni mvivu," akasema. "Halafu nikaona pacha wake amekatwa vizuri. Mvivu hakati mmoja."

"Basi ulijua."

"Nilijua. Kisu si kilikuwa wazi?"

"Mbona ukakikunja?"

Hapo alisimama. Mimi sikuwa nimemwona akisimama tuli bila mbuzi mbele yake.

"Yule aliyeshika kamba aliniambia. Polepole, kwa Dholuo. Alisema, 'Jaduong', wacha hizo kwato. Mwenyewe hajala siku tatu kwa sababu ya huyu mbuzi, na ana watoto wa marehemu. Mwache abaki naye. Mimi nitachukua yule mwingine.'"

Nilishika nguzo ya veranda.

"Nami nikamjibu kwa Dholuo," akasema. "Ndani ya uwanja. Kosa langu hilo nalijua, hata usinitajie. Nikamwambia, mama, yule mwingine amebanana nyuma, siku ya kuzaa usiwe peke yako, niite. Akasema ataniita." Alipiga fimbo chini. "Hakuniita."

"Aliniita mimi," nikasema.

"Ulienda?"

"Nilienda."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, akaanza kutembea tena. Aliniuliza kama yule mpana bado anazaa. Nikasema alizaa mara sita. Akasema alijua atazaa mara sita. Akaendelea kuongea mambo ya mbavu zake na urefu wake, miaka yote hii na bado anazikumbuka, na mimi nikaaga akiwa katikati ya maneno.

Nilifika nyumbani jua bado liko juu. Mke mwenzangu alikuwa ameketi mlangoni kwake anachambua mboga. Akaniuliza Jaji anaendeleaje. Nikasema anatembea kwa fimbo. Akacheka kidogo, akasogeza sinia ili nipate nafasi. Nikaketi. Nikachukua majani machache, nikayarudisha. Nikamwambia kwamba asubuhi ile binti yake alipokuja kuniita nilikuwa nakamua, na nilimsikia vizuri, lakini sikuinuka, nilikamua chuchu ya kwanza mpaka ikaisha, halafu ya pili.